Somo la Sita: Kusafiri kwa Bajeti Ndogo Hadi Paje na Jambiani

Kwa muda mrefu fukwe za mashariki ya Unguja zilidhaniwa kuwa ni mahali pa wageni kutoka ng'ambo pekee. Hali hiyo imebadilika. Kijana aliyemaliza chuo, mwalimu aliye likizoni, marafiki watatu waliochangishana kidogo kidogo kwa miezi kadhaa: hawa nao sasa hupanda boti jijini Dar es Salaam, kila mmoja na shanta yake mgongoni, wakaenda kukaa siku nne au tano Paje au Jambiani. Vijiji hivyo vinamfaa msafiri wa namna hiyo. Vipo takriban kilomita 50 kutoka Mji Mkongwe, vina nyumba ndogo za kulala wageni, vina mama lishe na wauza samaki, na daladala hufika hadi kijijini.

Msafiri huyu, hata hivyo, ana udhaifu mmoja mkubwa kama mtumiaji wa huduma: hana fedha ya ziada ya kufidia kosa la mtu mwingine. Mgeni wa hoteli kubwa akitozwa zaidi ya alivyotarajia hukasirika. Msafiri wa shanta akitozwa zaidi hukosa nauli ya kurudi. Ndiyo maana katika somo hili tunasisitiza kwamba kiasi kidogo kilichoandikwa kwenye tangazo hakijawa bei hadi mtumiaji apate majibu manne: jumla yake ni kiasi gani, hulipwa kwa fedha ya nchi gani, kinajumuisha nini, na ni nani hasa anayekipokea.

Tiketi yenye jina lako

Safari ya boti ziendazo kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua takriban saa mbili. Tiketi huuzwa katika ofisi za kampuni zilizopo bandarini, kando ya Barabara ya Sokoine, na pia kwa njia ya mtandao. Kabla hujafika dirishani utakutana na watu watakaokuambia kwamba boti imejaa, kwamba dirisha limefungwa, au kwamba wao wanazo nafasi zilizobaki. Usijibizane nao. Nenda dirishani ukaulize mwenyewe.

Onesha kitambulisho chako. Nauli ya mkazi ni tofauti na ya mgeni kutoka nje ya nchi, na Mtanzania asiye na kitambulisho hujiweka katika hatari ya kuombwa nauli isiyomhusu. Hakikisha pia kwamba jina lililoandikwa kwenye tiketi ni lako. Wapo wanaouza kwa punguzo tiketi ya mtu "aliyeahirisha safari", na punguzo hilo huvutia. Likatae. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imebeba abiria wengi kuliko uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Katika misiba ya aina hiyo orodha ya abiria ndiyo huwawezesha ndugu kujua nani alikuwemo. Anayesafiri kwa jina la mwingine ameiondolea familia yake haki hiyo kwa ajili ya shilingi elfu chache.

Ukishuka bandari ya Malindi utapokewa na papasi. Ndivyo wenyeji wanavyowaita vijana wanaowaandama wageni, kwa jina la mdudu anayeganda mwilini na kunyonya damu. Si haki kuwaweka wote katika kapu moja. Wapo waongozaji wenye vitambulisho vya Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na kazi yao ni halali. Muulize anayekufuata kitambulisho chake. Aliye nacho hukionesha bila kinyongo.

Daladala namba 309 huenda Jambiani, na namba 324 hupita Paje kuelekea Bwejuu. Uliza zinapopakilia siku hiyo, kwa kuwa vituo vya mjini vimekuwa vikihamishwa. Panda boti ya asubuhi, kwani daladala hupungua jioni, na msafiri aliyekwama mjini usiku hulipa nauli ya teksi bila nguvu ya kupatana.

Chumba: mahali fedha nyingi hupotea

Malalamiko mengi yanayoweza kuzuilika katika safari za namna hii huanzia kwenye malazi, na mara nyingi huanza kabla msafiri hajatoka nyumbani. Mtu huona picha ya chumba kwenye ukurasa wa mitandao ya kijamii, huandikiana ujumbe na "meneja", hutuma malipo ya awali kwenye namba ya simu, kisha hufika kijijini na kukuta nyumba hiyo haipo, au ipo lakini wenyewe hawana habari naye.

Kabla ya kutuma chochote, tafuta namba ya nyumba hiyo katika chanzo kingine, tofauti na ukurasa uliokupa tangazo, kisha upige. Omba kulipa kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Unapolipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Hapo ndipo mahali pa kusimama na kusoma. Jina la mtu binafsi lisilohusiana na nyumba ya wageni ni sababu tosha ya kusitisha. Ukilazimika kulipa awali, lipa usiku mmoja tu. Aidha, omba maneno haya kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi: tarehe za kuingia na kutoka, bei kwa usiku, kama bei hiyo ni ya chumba au ya mtu mmoja, na fedha itarejeshwa kwa masharti gani usipofika. "Ya chumba au ya mtu mmoja" ni swali ambalo wengi huona haya kuliuliza. Marafiki watatu wasipoliuliza wanaweza kulipa mara tatu ya walichopanga.

Sasa tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Nyumba ya kwanza inatangaza kitanda katika chumba cha pamoja kwa shilingi 35,000 kwa usiku. Nyumba ya pili inatangaza shilingi 45,000. Wengi watachagua ya kwanza. Kwa usiku nne, ya kwanza ni 140,000. Lakini haitoi kifungua kinywa, nawe utakinunua kwa 8,000 kila siku: 32,000. Tozo ya miundombinu, ambayo huhesabiwa kwa kila mgeni kwa kila usiku, haikujumuishwa. Tuseme ni 2,000, jumla 8,000. Nyumba iko mbali na ufukwe, na bodaboda kwenda na kurudi ni 6,000 kwa siku: 24,000. Jumla imefika 204,000. Nyumba ya pili imejumuisha kifungua kinywa na tozo, na ufukwe uko hatua chache: 180,000. Kitanda kilichokuwa nafuu kwa shilingi 10,000 kimekugharimu 24,000 zaidi. Fanya hesabu hii kwa tarakimu halisi ulizopewa, ukiwa bado nyumbani na kalamu mkononi.

Majira nayo hubadilisha bei. Julai na Agosti, pamoja na mwisho wa Desemba, wageni ni wengi na nafasi ya kupatana ni ndogo. Katika masika, hasa Aprili na Mei, bei hushuka, ila nyumba kadhaa hufungwa na mvua inaweza kunyesha siku mfululizo. Anayekwenda wakati wa Ramadhani aulize mapema chakula cha mchana kitapatikana wapi, na akumbuke kwamba yumo katika kijiji cha watu wanaofunga.

Bei iliyoandikwa kwa dola

Si ajabu kukuta ubao unaotaja bei ya chumba, ya masomo ya kuteleza kwa tiara baharini, hata ya sahani ya pweza, kwa dola za Marekani. Mtumiaji anapaswa kujua kwamba Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizotolewa chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania, zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na kukataza kumlazimisha mteja kulipa kwa fedha hizo, isipokuwa katika miamala michache iliyotajwa humo.

Kwa msafiri mwenye bajeti ndogo hili ni suala la fedha halisi. Bei ya dola inapogeuzwa kuwa shilingi mezani, kiwango cha kubadilisha huwekwa na muuzaji, na kwa kawaida hakikuelekei wewe. Sema kwa adabu: "Naomba bei kwa shilingi." Isemwe kabla ya kuagiza, si baada ya kula.

Nunua safari ya bahari ukiwa umeijua bahari

Picha za matangazo hupigwa maji yakiwa yamejaa. Upande wa mashariki wa Unguja bahari hupwa sana; maji huondoka hadi mbali kuelekea kwenye mwamba, na panapoonekana pichani kuwa pa kuogelea hubaki mchanga, madimbwi na mashamba ya mwani. Mgeni asiyelijua hilo hudhani amedanganywa. Hakudanganywa na mtu, lakini anaweza kudanganywa kesho yake, akiuziwa safari ya ngalawa kwa saa ambayo ngalawa haiwezi kuelea.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu huja bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na maji huwa yamekupwa kuelekea saa nne asubuhi. Kwa hiyo anayekuuzia safari ya "saa nne kamili" siku ya bamvua muulize mtapandia wapi, mtatembea umbali gani, na mtarudi saa ngapi. Nahodha anayeijua kazi yake atakujibu papo hapo. Asiye na jibu ni dalali, na fedha utakayompa si yote itakayomfikia mwenye chombo.

Kabla ya kulipa, taja kila kitu kimoja kimoja: miwani ya kuogelea, chakula, maji ya kunywa, kiingilio cha eneo la hifadhi kama lipo, na majaketi ya kujiokolea. Hilo la mwisho lione kwa macho, lihesabu, livae. Kati ya safari mbili zinazotofautiana bei, mara nyingine tofauti yenyewe ndiyo jaketi. Hapa maafikiano ya bei yakome. Chombo kisicho na majaketi ya kuwatosha waliomo si huduma nafuu, ni huduma pungufu.

Ukitembea kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, vaa viatu kwa sababu ya miiba ya baharini, na usikanyage kamba za mwani. Mashamba hayo ni ya kina mama wa kijiji, na kila mstari una mwenyewe.

Mambo mengine kwa ufupi

Mashine za kutolea fedha ni chache upande huo wa kisiwa. Toa kiasi cha kutosha ukiwa mjini, na weka ada ya kutoa katika hesabu yako. Ukikodi baiskeli au pikipiki, ipige picha pande zote mbele ya mwenyewe kabla ya kuondoka, wala usiache kitambulisho chako cha taifa kama dhamana. Msitu wa Jozani wenye kima punju uko kwenye barabara hiyo hiyo ya daladala. Unaweza kushuka getini, ukauliza kiingilio cha Mtanzania na kulipa mwenyewe, badala ya kununua "kifurushi" chenye kiingilio kisichotajwa.

Ukidhulumiwa

Anza na mwenye huduma, tena siku hiyo hiyo. Mweleze ulichoahidiwa, mwoneshe ujumbe, na utaje unachotaka: kurejeshewa fedha yote, sehemu yake, au kupewa huduma uliyolipia. Kubali nusu ya fedha tu kama umeridhika nayo kweli, maana ukishakubali itakuwa vigumu kuyafufua madai hayo.

Ikishindikana, zingatia mahali jambo lilipotokea. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza maelezo ya uongo na mwenendo wa kupotosha watumiaji, hutumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2018, na lalamiko kuhusu nyumba ya wageni ya Jambiani hupelekwa kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Linapohusu leseni ya nyumba ya wageni au mwenendo wa mwongozaji, Kamisheni ya Utalii Zanzibar ndiyo mahali pake. Fedha iliyotumwa kwa tapeli iripoti mara moja kwa mtandao wako wa simu na kituo cha polisi kilicho karibu, na ujumbe wa kitapeli uutume kwenda namba 15040.

Ambatisha risiti ya kielektroniki, ujumbe wa muamala, picha ya tangazo kama lilivyokuwa siku uliyolipa, na jina la mpokeaji. Tangazo hufutwa haraka. Lipige picha siku ile ile unapotuma fedha, hata kama bado huna shaka yoyote.