Parefe ya ordinatere: kila mlango ulio wazi ujulikane ni wa nani



Neno parefe munalijua tangu zamani. Ni ule mkanda tunaolima na kufagia kuzunguka shamba la mikaratusi wakati wa kiangazi, ili moto wa jirani usivuke. Watu wa informatiki wanaoongea Kifaransa wanatumia neno hilo hilo kwa ulinzi wa ordinatere. Lakini mkanda wa shamba unazuia moto wote, na parefe ya ordinatere inazuia wengine na kupitisha wengine. Mimi naona inafanana zaidi na zamu wa depo aliye na daftari mkononi. Jina lako liko ndani, unaingia. Haliko, unarudi kwenu.

Kwa nini kuongea mambo haya katika gazeti la kilimo? Kwa sababu kilo za kahawa ambazo mama mmoja alileta kwenye mizani mwezi wa 4, na pesa ambayo bado anadai, siku hizi zinaweza kuwa ndani ya ordinatere moja tu pale biro. Ile ikifungwa na virusi, ao mtu akiingia kubadilisha namba, yule mama atatoa wapi ushahidi?

Mwezi wa 5 mwaka 2017, virusi vinavyoitwa WannaCry viliingia katika ordinatere nyingi sana za Windows, katika inchi karibu 150. Vilifunga mafaili na kuomba dola 300 ili kuyafungua. Hata hospitali za Uingereza ziliahirisha wagonjwa. Havikungoja mtu afungue barua: vilipita katika mlango namba 445, ambao ordinatere zinatumia kugawana mafaili, na kuruka kutoka mashini moja hadi ingine ndani ya rezo ile ile. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu mwezi wa 3. Na wenye Linux wasicheke sana: mwezi huo huo wa 5 shimo la kufanana lilitangazwa katika Samba, programu ambayo Linux inatumia kugawana mafaili.

Sasa angalieni biro yenu. Neno la siri la Wi-Fi linajulikana na nani? Mgeni anaomba, mtoto wa prezida anaomba, dereva wa gari la kahawa anaomba. Wote wanakuwa ndani ya rezo moja na ordinatere yenye rejista. Kwa hiyo adui si yule wa mbali peke yake.

Tuchukue mfano: ordinatere ya rejista iko na Ubuntu, na folda ya rejista inagawanywa kwa Samba. Sekretere anatumia mashini yenye adresi 192.168.1.20, mtu wa mizani anatumia 192.168.1.21. Hizo adresi zifungwe kwanza ndani ya ruteri, zisibadilike. Bila hiyo, kesho simu ya mgeni inaweza kupewa 192.168.1.20, na zamu atamfungulia akifikiri ni sekretere.

Ubuntu inakuja na parefe inayoitwa ufw, lakini imelala. Kaeni mbele ya mashini yenyewe, mufungue terminali na kuandika:

sudo ufw status

Ikijibu "Status: inactive", zamu hayuko kazini. Musimwamshe bado. Kwanza mumpe sheria ya msingi, kwamba anayetoka nje apite, na anayeingia azuiwe:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw default allow outgoing

Kisha, kabla ya kumwamsha, andikeni majina ya wenye ruhusa:

sudo ufw allow from 192.168.1.20 to any port 22 proto tcp comment 'sekretere, kazi ya mbali'
sudo ufw allow from 192.168.1.20 to any port 445 proto tcp comment 'sekretere'
sudo ufw allow from 192.168.1.21 to any port 445 proto tcp comment 'mizani'

Mlango 22 ni wa SSH, njia ya kuongoza mashini ukiwa kwenye mashini ingine. Hapa ndipo hatari kubwa ya kazi hii yote. Kama unafanya kazi kwa SSH na unaamsha parefe bila kuandika ruhusa ya mlango 22, unajifungia nje, na funguo iko ndani. Itabidi kupanda moto hadi biro, pengine kilometre nyingi katika matope. Ndiyo maana nimesema mukae mbele ya mashini. Tukimaliza:

sudo ufw enable

Kwa SSH, itaonya kwamba koneksio inaweza kukatika, na kuuliza y ao n. Tangu hapo parefe itarudi yenyewe kila mara mashini inawaka, hata umeme ukikatika ao grupu ikizima ghafla.

Jaribuni sasa hivi. Sekretere afungue folda: ifunguke. Mtu mwingine, kwa ordinatere ingine ya Wi-Fi ile ile, ajaribu: ikatae. Kama wote wawili wanaingia, angalieni mpangilio:

sudo ufw status numbered

Mpangilio ndio unasumbua watu. Zamu anasoma daftari toka juu kwenda chini, na anatii mstari wa kwanza unaomhusu mtu aliye mbele yake. Tuseme mstari wa 1 unaruhusu rezo nzima, 192.168.1.0/24, na wewe unaongeza chini yake mstari wa kukataza 192.168.1.45. Hautafanya kazi hata kidogo: zamu amekwisha kumpitisha kabla ya kufika huko. Katazo liwekwe juu:

sudo ufw insert 1 deny from 192.168.1.45

Ni vizuri zaidi kutokuwa na mstari wa rezo nzima. Mstari ambao hakuna anayejua uliandikwa kwa ajili ya nani, ufutwe:

sudo ufw delete 3

Lakini mukisha kufuta wa 3, ule wa 4 unakuwa wa 3. Rudieni "status numbered" kabla ya kufuta mwingine, la sivyo mutamfukuza asiye na kosa. Na sekretere akiacha kazi, mistari yake ifutwe siku ile anarudisha funguo za biro, na neno lake la siri libadilishwe.

Kwa kujua nani alibisha hodi akarudishwa:

sudo ufw logging on
sudo tail /var/log/ufw.log

Mtaona mistari yenye UFW BLOCK. SRC ni adresi ya aliyebisha, DPT ni mlango alioutaka. Mistari michache ni kawaida. Adresi moja ya ndani inayobisha 445 kila wakati, hiyo mashini itafutwe na kuangaliwa virusi.

Parefe haioni kle USB ambayo mtu anachomeka kwa mkono, na haitarudisha faili lililofutwa. Kopi ya rejista ibaki katika diski inayofungiwa mbali na mashini, na karatasi ya mizani yenye sahihi ya mwanachama isitupwe.

Wenye Windows wafungue terminali kama administratere, waandike ya kwanza ili kuona hali. Kama parefe imezimwa, ya pili inaiwasha:

netsh advfirewall show allprofiles
netsh advfirewall set allprofiles state on