Somo: Kuishi kwa kiasi

Kabla ya kuendelea, kila mmoja afungue kitabu cha Kutoka, sura ya 16, asome mistari ya 13 mpaka 30.

1. Mungu anapima

Wana wa Israeli walipolia njaa jangwani, Mungu aliwapa mana. Lakini hakuwaachia waokote ovyo. Aliweka kipimo: gomeri moja kwa kila mtu, ni kusema karibu litri mbili. Aliyeokota nyingi hakubaki na ziada, na aliyeokota kidogo hakukosa. Wengine walificha mpaka asubuhi, ikaoza na kutoa mabuu.

Tuangalie vizuri. Siku ya sita Mungu mwenyewe aliagiza waokote mara mbili juu ya Sabato, na ile haikuoza. Basi, kuweka akiba si kosa. Kosa lilikuwa kuchukua kwa hofu, kana kwamba kesho Mungu hatakuwako. Kuwa na kiasi si kula kidogo tu. Ni kujua haja ya leo na haja ya kesho, na kupa kila moja haki yake.

2. Ginsi sisi wenyewe tulianguka

Sisi tunaoandika somo hili ni shemasi, na hatuandiki kama watu wasiojikwaa. Tulipofiwa na baba yetu mkubwa, tuliogopa maneno ya watu. Tukakopa feza yenye kuzaa: kwa kila mia, kurudisha mia na makumi tano. Tukanunua mbuzi wawili na magunia matatu ya unga. Watu walikula kilioni, wakatusifu kwamba tumemzika mzee kwa heshima.

Mwezi wa kenda masomo yakafunguliwa. Watoto wetu watatu wakarudishwa nyumbani, sababu minervali haikulipwa. Binti wetu alifua nguo zake za bulu na nyeupe, akazipanga kitandani, akangoja. Alingoja mpaka mwezi wa kumi na moja. Wale waliotusifu hawakumuona. Baba yetu mkubwa aliwapenda watoto hawa. Je, ile ilikuwa heshima yake?

3. Hata mambo mema yana kipimo

Wengine wanafikiri kiasi kinahusu pombe, chakula na mavazi tu. Lakini mama anayenyonyesha akifunga siku tatu bila kula wala kunywa, mtoto ndiye analipa. Mgonjwa wa sukari akiacha dawa yake juu ya kufunga, anaweka maisha yake hatarini. Tukumbuke nabii Elia chini ya mti, katika 1 Wafalme 19. Alikuwa amechoka mpaka kuomba kufa. Malaika hakumuongezea kazi. Alimuamsha ale, mara mbili, maana safari ilikuwa ndefu. Ni baada ya kula ndipo alienda mpaka mlima wa Mungu. Mwenye ugonjwa aongee na muganga wa hospitali kabla ya kufunga. Hiyo si upungufu wa imani.

4. Tufanye nini?

Kwanza, tuhesabu. Katika Luka 14:28 Bwana anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza na kupima gharama. Kabla ya ndoa ao kilio, jamaa waketi, waandike feza iliyo mkononi, si ile wanayotumaini kupata.

Pili, feza ya masomo na ya dawa itengwe mbele ya sherehe.

Tatu, wakubwa waanze. Mtu mdogo akipika bukari na maharagi kilioni, watu watasema ni mchoyo. Mzee wa familia ao shemasi akifanya hivyo, wengine watapata ruhusa ya kupumua. Kwa hiyo, wapendwa, msitungoje tuseme tu. Mtutazame siku msiba utakapofika kwetu tena.

Maulizo ya kujibu nyumbani:

a) Sababu gani mana ya siku ya sita haikuoza?

b) Katika nyumba yetu, ni deni gani lililotoka katika kuogopa maneno ya watu?

c) Nani analipa tunapopita kiasi: sisi ao watoto?

Bwana atupe chakula kinachotufaa, na moyo wa kuridhika nacho. Amina.