Safari ya Lori Katika Majimbo ya Marekani

Baadhi ya wasomaji wetu wanao watoto au jamaa waliokwenda Marekani wakashika kazi ya kuendesha malori ya safari za mbali. Mzee akisikia kwamba mwanawe amelala kando ya barabara jua lingali juu, hali mzigo wangojewa, huenda akadhani ni uvivu. Sivyo, ni amri ya sheria. Yafaa basi tueleze jinsi safari hizo zipangwavyo, maana sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa ramani na hesabu kabla injini haijawashwa.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina serikali yake itungayo sheria za barabara. Juu yao iko Serikali Kuu, nayo imeweka masharti kwa malori yavukayo mipaka ya majimbo. Dereva hana budi kuzitii zote mbili.

Na tutwae safari moja, kutoka Los Angeles katika jimbo la California mpaka Denver, mji mkuu wa Colorado. Ni maili 1,020 hivi, yaani kilomita 1,640, kupitia Nevada, pembe ya Arizona, na Utah.

Kwanza ni uzito. Katika barabara kuu, lori pamoja na mzigo wake lisizidi ratili 80,000, karibu kilo 36,300, ila kwa ruhusa maalum. Tena jumla peke yake haitoshi: ekseli moja isibebe zaidi ya ratili 20,000, wala ekseli mbili zifuatanazo zaidi ya 34,000. Wataalamu waliojaribu barabara huko Illinois, tangu 1958 hata 1960, waliona kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka, madhara ya barabara huongezeka upesi kuliko uzito wenyewe. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi ubaoni: uzito wa ekseli ukiwa mara mbili, madhara ni 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 16 hivi. Kwa sababu hiyo hiyo sheria ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 2016, ingawa yaruhusu lori la tani 56, yataka mzigo huo uenezwe juu ya ekseli nyingi.

Pili ni saa, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Kwa kawaida dereva aliyepumzika saa 10 mfululizo hupewa muda wa saa 14, na ndani yake aweza kuendesha saa 11 tu. Akiisha kuendesha saa 8, hana ruhusa kuendelea mpaka apumzike dakika 30. Zile saa 14 hazimngojei mtu. Akikawizwa ghalani saa 4 akipakiwa, zimekwisha kuliwa. Zamani dereva aliandika saa zake kwa mkono, na kalamu yaweza kusema uwongo. Tangu Desemba 2017 malori mengi yatakiwa kuwa na chombo kinachoandika chenyewe.

Basi tupige hesabu. Katika California lori lenye tela lisipite maili 55 kwa saa. Tukichukua mwendo huo kwa njia yote, maili 1,020 ni saa 18 na nusu, kwa hiyo lazima alale mara moja. Alale wapi? Mji wa Salina, katika Utah, uko maili kama 570, yaani zaidi kidogo ya saa 10. Mbele yake, mpaka Green River, ni zaidi ya maili 100 pasipo mji wala mahali pa kununua mafuta. Afikaye Salina akiwa amebakiwa na nusu saa, alale pale pale. Na yule aliyekawizwa ghalani saa 4 hatafika Salina kabisa; alale Beaver, maili 75 hivi nyuma, naye ajue hayo kabla ya kutoka Los Angeles.

Siku ya pili ni milima ya Colorado. Kati ya Dotsero na Morrison, tangu tarehe 1 Septemba mpaka 31 Mei, lori kubwa lazima lichukue minyororo ya matairi, hata kama mbingu ni nyeupe. Huko juu, zaidi ya futi 11,000, iko njia ya Eisenhower ipitayo ndani ya mlima, iliyofunguliwa mwaka 1973. Chombo chenye kimo cha kuzidi futi 13 na inchi 11 hakipiti, na mizigo ya hatari kama petroli kwa kawaida huzungushwa kwa njia ya Loveland.

Kisha ni mteremko wa kushukia Denver. Dereva huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, kwa maana breki zikishikwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Kando ya barabara zimetengenezwa njia za kupanda, zilizojazwa kokoto, ili lori lililoshindwa lizame humo lisimame. Mwezi wa Aprili 2019 lori lililokosa breki lilipita njia ya namna hiyo bila kuiingia, likagonga magari mengi karibu na Denver, na watu 4 wakafa.

Afikapo, maili alizokwenda katika kila jimbo huandikwa, pamoja na mafuta aliyonunua. Kila miezi 3 mwenye lori hupeleka hesabu hiyo kwa jimbo lake, nalo hugawia majimbo mengine kodi yao ya mafuta. Aliyejaza tangi Nevada akayachoma mafuta hayo Utah, kodi ni ya Utah.