Uzio Uwekwe Wapi? Somo Kuhusu Usalama wa Mitambo ya Gesi Asilia Kimiminika

Swali tunaloulizwa mara nyingi zaidi tunapozungumza na wananchi juu ya mradi unaokusudiwa kujengwa Likong'o, mkoani Lindi, ni fupi: mtambo ule ukilipuka, sisi majirani tutapona? Muulizaji huwa na mtungi wa gesi ya kupikia akilini, kwa kuwa mtungi ndio gesi anayoijua. Hukadiria kwamba ikiwa mtungi wa kilo 15 waweza kubomoa jiko, tangi lililo kubwa kuliko msikiti wa Ijumaa litabomoa mji. Hofu hiyo ina msingi, ila imeelekezwa pasipo mahali pake. Katika somo hili tunaeleza hatari yenyewe ni ipi, na kwa nini mdhibiti makini, kabla ya kuuliza unene wa tangi, huuliza kwanza uzio utawekwa wapi.

Gesi ya mitungini ni mchanganyiko wa propani na butani, nao hufanywa kimiminika kwa kubanwa. Shinikizo hilo ndilo linaloufanya mtungi uliozidiwa na moto upasuke. Gesi asilia inayochimbwa Songo Songo na Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni methani, na methani haigeuki kimiminika kwa kubanwa tu katika joto la kawaida. Sharti ipozwe. Ikifikia nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri hugeuka kimiminika kinachofanana na maji, na kilichokuwa kimejaza nafasi 600 hutosha katika nafasi moja. Hapo ndipo inapowezekana kuipakia melini na kuivusha bahari.

Tangi la kuhifadhia kimiminika hicho, kwa hiyo, halifanani na mtungi. Linafanana zaidi na chupa ya chai, isipokuwa hili hutunza baridi badala ya joto. Shinikizo lililomo ndani hulizidi kidogo tu lile la hewa ya nje. Kimiminika chenyewe hakiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, tena pale tu unapochanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15. Ukipungua hapo hauwaki, na ukizidi hauwaki pia.

Msomaji atasema, basi hakuna la kuogopa. La kuogopa lipo, nalo huanza kimiminika kinapomwagika. Kikigusa ardhi huchemka mara moja, kwa maana ardhi yetu, hata ile ya usiku wa Julai, kwake ni sawa na kikaango. Mvuke unaotoka ungali baridi sana, na methani baridi ni nzito kuliko hewa, ingawa ikipata joto huwa nyepesi na kupaa. Kwa dakika hizo za kwanza mvuke haupandi bali hutambaa. Huganda na unyevu wa hewani ukaonekana kama ukungu mweupe, ukafuata mabonde na mitaro na upande uendako upepo, hadi ukutane na moto wa kuuwasha. Moto huo waweza kuwa jiko la mchoma mahindi au cheche ya pikipiki inayowashwa. Zaidi ya hayo, gesi iliyo katika hali hii haina harufu. Harufu tunayoitambua katika gesi ya majumbani hutiwa makusudi kabla ya gesi kumfikia mtumiaji.

Yaliyotokea Cleveland, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ni funzo kwa kila mdhibiti. Kampuni ya East Ohio Gas ilikuwa na matangi manne ya gesi kimiminika ndani ya mji, jirani kabisa na nyumba za watu. Mchana wa tarehe 20 Oktoba 1944 tangi la nne, ambalo lilikuwa limeongezwa baadaye na kujengwa kwa umbo tofauti na yale ya awali, lilipasuka. Feleji yake ilikuwa na nikeli ya asilimia 3.5 tu, na madini hayo yakiwa kidogo kiasi hicho chuma huwa chepesi kuvunjika katika baridi kali kama kigae. Kimiminika kilifurika kikavuka mipaka ya kiwanda, kikaingia barabarani na kuteremka katika mitaro ya majitaka iliyopita chini ya nyumba. Kiliposhika moto, mifuniko ya chuma ya mitaro ilirushwa hewani na nyumba zikawaka zikianzia chini. Watu 130 walipoteza maisha.

Wahandisi walijifunza somo la chuma bila kuchelewa sana. Matangi ya leo kwa kawaida hujengwa kwa kuta mbili: ya ndani ya feleji yenye nikeli ya asilimia 9, ambayo huvumilia baridi hiyo, na ya nje ya zege lililokazwa kwa nyaya, ili la ndani likivuja la nje lipokee. Kwa maoni yetu, hata hivyo, funzo kubwa la Cleveland halikuwa la chuma. Tangi lile lile, kwa kasoro ile ile, lingepasuka mahali palipo wazi na penye kingo za kuzuia kimiminika kisienee, tungekuwa tunasimulia hasara ya kampuni na si msiba wa mji.

Ndiyo maana kanuni za Marekani zilizotolewa mwaka 1980, ambazo nchi nyingi huzitazama zinapotunga za kwao, zinauliza kitakachovuka uzio. Mwenye mtambo hutakiwa kukokotoa mambo mawili kabla ya kujenga. La kwanza ni wingu la mvuke: gesi ikimwagika kwa kiwango kilichowekwa, wingu litakalofika nje ya mpaka wake lisiwe na methani inayozidi asilimia 2.5. Hiyo ni nusu ya kiwango cha chini kinachoweza kuwaka. Nusu nzima imeachwa kwa tahadhari kwa sababu wingu halilingani kila mahali. Wastani ukiwa salama, bado huwa na vifundo vizito zaidi ndani yake. La pili ni joto la moto: kimiminika kilichokingwa katika bwawa lake kikiwaka, joto litakalofika kwenye mpaka ambapo watu wanaweza kujenga lisizidi kilowati 5 kwa kila mita ya mraba. Jua la saa sita mchana lisilo na wingu hutupa kiasi cha kilowati moja. Tano basi ni kama majua matano, nalo ni joto ambalo mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kulikimbia kabla halijamdhuru sana. Mgonjwa aliyelala kitandani hawezi, wala mtoto mchanga, na ndiyo sababu shule na hospitali hustahili umbali mkubwa zaidi.

Kuna kipengele kimoja cha hesabu hizo ambacho hushangaza wakazi wa pwani. Wao hudhani siku ya hatari ni ile ya kusi kali. Kinyume chake, wingu hukokotolewa kwa upepo hafifu wa mita mbili kwa sekunde na hewa iliyotulia, yaani hali ya usiku shwari. Upepo mkali huutawanya mvuke upesi. Usiku mtulivu huuacha ukiwa mzima, ukisafiri taratibu karibu na ardhi wakati watu wamelala.

Umbali, hata hivyo, huwalinda walio nje. Walio ndani hulindwa na kazi ya kila siku, ambayo haipigwi picha siku ya uzinduzi. Tarehe 19 Januari 2004, huko Skikda nchini Algeria, gesi iliyovuja ilivutwa na kuingia katika boila la mtambo, likalipuka. Watu 27 walikufa. Matangi makubwa ya kuhifadhia, yale ambayo kila mtu huyaogopa, yalisalimika. Tarehe 8 Juni 2022, katika mtambo wa Freeport huko Texas, kipande cha bomba kilichobaki na kimiminika ndani yake kilipata joto na kupasuka, kwa sababu vali ya kupunguza shinikizo ilikuwa imeachwa ikiwa imefungiwa njia. Hakuna aliyeumia, lakini mtambo ulisimama hadi Februari 2023. Vali moja, ambayo mtu angetumia dakika chache kuikagua na kutia sahihi. Mdhibiti asiye na wakaguzi wanaojua kusoma daftari la vali, au asiye na mamlaka ya kuusimamisha mtambo, ni mlinzi asiye na funguo.

Turudi nyumbani. Ardhi ya Likong'o imekwisha kutengwa, na familia zilizokuwa zikiishi na kulima hapo zimehamishwa. Waliohama wana madai na maumivu yao ambayo kijitabu hiki hakiwezi kuyamaliza. Sisi tunapenda kusema neno kwa waliobaki jirani. Eneo la usalama huwa na maana kadiri linavyobaki wazi kwa miaka yote ya uhai wa mtambo, na kwa desturi yetu ardhi iliyo wazi haikai wazi. Huanza banda la chai la mafundi, kikafuata kijiwe cha bodaboda, kisha vyumba vya kupanga, na baada ya miaka kumi pana mtaa wenye mwenyekiti. Kosa hilo haliwezi kutupiwa kampuni peke yake. Anayeuza kiwanja, anayekipima na anayefumba macho wote wamo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Katika mikutano hiyo watu wengi huuliza juu ya ajira, nasi hatuwalaumu. Lakini ombeni pia ramani yenye mistari miwili: mstari wa wingu na mstari wa joto. Ulizeni umemwagikaji wa kiasi gani uliokokotolewa, na upepo upi uliotumika. Ulizeni nani ana mamlaka kisheria juu ya ardhi iliyo ndani ya mistari hiyo, na kama shule yenu imo. Mtaalamu atakayejibu kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu mno aombwe kwa heshima ayaeleze kwa Kiswahili. Yanaelezeka.

Wavuvi nao wana jambo lao. Meli ya gesi inapoingia au kupakia huzungukwa na eneo lisiloruhusiwa chombo kingine, na kwa wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku na taa zao, eneo hilo linaweza kuwa ndiyo njia yao ya kila siku. Ukubwa wake, saa zake na namna ya kutangazwa kwake ni mambo ya kuafikiana na vikundi vya usimamizi wa fukwe kabla meli ya kwanza haijafika. Likiachwa bila makubaliano, patakuwa na wavuvi wanaokamatwa na doria zinazochoka.

Na siku ambayo mtambo wowote wa gesi utakuwa jirani yako, ukiona ukungu mweupe unaotambaa ardhini mahali usipotazamiwa, usisubiri kusikia harufu na usiukaribie kuutazama. Usiwashe pikipiki, gari, kiberiti wala sigara. Ondoka kwa miguu kuelekea upande unakotoka upepo; ukungu ukiwa umekaa upande huo, pita kwa ubavu wake, mbali na mabonde na mitaro, ukiwaamsha majirani kwa sauti. Ukishafika mbali ndipo upige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ueleze mahali ulipouona na ulikuwa unaelekea wapi.