SOMO LA 12: SIKU MOJA KWIHARA

Alfajiri sisi wanakisomo wa Isikizya tulipanda basi kwenda Tabora. Mjini tumekwenda mara nyingi, kuuza asali na kununua mahitaji. Lakini Kwihara, kilometa chache kutoka mjini, wengi wetu hatukuwahi kufika.

Njiani tuliona miembe mikubwa. Mwalimu akatueleza habari za njia ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda hadi Ujiji. Bagamoyo mpaka Tabora ni karibu kilometa 800. Wapagazi walitembea miezi mitatu hivi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Nguo, shanga na nyaya zilikuja bara. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo.

Kwihara tuliona tembe la udongo, lenye kuta nene. Hapo Dakta Livingstone alikaa mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi kurudi pwani. Livingstone alibaki mpaka Agosti, akingoja wapagazi. Bila wao hakuweza kwenda popote.

Livingstone alifariki mwaka 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake. Walipofika Unyanyembe, Wazungu waliowakuta waliwashauri wauzike hapo. Wao walikataa. Waliendelea na safari, wakafika Bagamoyo Februari 1874.

Mama mmoja katika kundi letu alisimama kimya mbele ya picha za zamani. Kisha akasema, "Mwalimu, babu wa baba yangu alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na kurudi. Mbona jina lake halimo humu?"

Mwalimu akamjibu, "Mama, jina hilo unalijua wewe. Na sasa unajua kuandika."

Jioni tulirudi Isikizya. Kesho yake mama yule alifika darasani mapema. Alifungua daftari lake, akaandika jina la mzee yule kwa herufi kubwa.

MANENO MAPYA
Mpagazi: mtu anayebeba mizigo kwa ujira.
Msafara: kundi la watu wanaosafiri pamoja.
Tembe: nyumba yenye paa bapa la udongo.

MASWALI
1. Kwa nini Livingstone alingoja Kwihara?
2. Chuma na Susi walikataa jambo gani?

KAZI
Muulize mzee wa kwenu habari za safari za zamani. Andika jina lake na maneno yake.