Mhariri akikataa hadithi yako, itunze afya yako

Juma hili tumeweka kando malaria na shinikizo la damu ili tujibu barua ya mwalimu mmoja wa Oltepesi, Kaunti ya Kajiado. Jina lake tunalihifadhi. Kwa miaka mitatu amekuwa akiandika hadithi fupi usiku, akishamaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, na kuzituma kwa majarida. Saba zimekataliwa. Mbili nyingine hazikujibiwa kabisa. Tangu ile ya saba ikataliwe hapati usingizi, chakula hakimpendezi, darasani anafoka kwa jambo dogo, na mkewe amemsikia akisema atayachoma madaftari yote ya hadithi. Anauliza: je, huu ni ugonjwa au ni ujinga wangu?

Si ujinga, Mwalimu. Huenda si ugonjwa pia kwa sasa, ingawa waweza kugeuka kuwa ugonjwa ukipuuzwa.

Tuanze na hayo maumivu, kwa sababu wengi huambiwa kwamba ni ya kujitakia. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Naomi Eisenberger wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawachezesha mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Baada ya muda, yule aliyelala kwenye mashine akaacha kurushiwa mpira. Sehemu moja ya ubongo wake iliyochangamka ilikuwa ile ambayo huhusika pia mtu anapoumia mwilini. Wataalamu bado wanabishana kuhusu maana kamili ya picha hizo, lakini jambo moja halina ubishi: kutengwa kunauma hata katika mchezo usio na faida wala hasara. Sembuse hadithi uliyoikesha.

Mwaka 2010 watafiti wengine wa Marekani waliwapa wanafunzi dawa ya parasetamoli kila siku kwa majuma matatu, nao wakasema hawaumizwi moyo sana kama wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tafadhali usikimbilie dukani! Dawa hiyo haikukubaliwa kutibu huzuni, na mtu mzima akizidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, anaweza kuliharibu ini lake.

Moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na usiku mmoja au miwili ya kugeukageuka kitandani ni mambo ya kawaida mtu akipata habari mbaya. Mwili hujituliza wenyewe. Kinachourudisha kwenye hofu ni kulirudia wazo lile lile kama ng'ombe anayecheua, mpaka "mhariri amekataa hadithi" inakuwa "mhariri amenikataa mimi", kisha "mimi si kitu".

Basi angalia kinachotokea mezani kwa mhariri. Jarida lina kurasa chache na hadithi zinazofika ni nyingi kuliko nafasi. Ya maneno 3,000 haiingii penye nafasi ya 1,500, hata iwe tamu vipi. Pengine mwezi jana alichapisha nyingine ya wizi wa mifugo na hataki ya pili. Na pengine hadithi yenyewe ni dhaifu. Nalisema wazi kwa sababu kumdanganya mgonjwa si tiba. Lakini dhaifu ni hadithi hiyo moja, na hadithi hurekebishwa. Mhariri akiongeza hata sentensi moja ya sababu, ihifadhi na uisome tena baada ya siku tatu, hasira ikishapoa. Wahariri wana shughuli nyingi. Hawamwandikii maelezo mtu wanayemwona hana tumaini.

Kimya ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa hakina mwisho. Kiwekee mwisho wewe mwenyewe. Andika kwenye daftari tarehe uliyotuma, na miezi mitatu ikipita bila jibu, uliza kwa ujumbe mfupi wa heshima. Ukikosa jibu tena, waarifu kwamba unaiondoa hadithi, kisha itume kwingine. Na uache kuifungua simu kila mtandao unaposhika. Mara moja kwa siku inatosha.

Usiku wa kwanza usimjibu mhariri. Kula, hata kama ni uji tu. Pombe huleta usingizi upesi, kisha huukatiza usiku wa manane, nayo miraa na mogoka huufukuza kabisa. Asubuhi, kabla jua la barabara ya Magadi halijawa kali, tembea nusu saa kuelekea Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe miaka ya 1940. Kutembea kunasaidia usingizi, na huko hakuna wa kukuuliza hadithi yako imefikia wapi.

Kuna dawa nyingine ambayo mwandishi anayo mkononi tayari. Mwaka 1986 James Pennebaker wa Marekani alichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo juu ya jambo lililowaumiza sana. Siku hizo wengine walihuzunika zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kliniki mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Si muujiza, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida yake si kubwa kwa kila mtu. Ijaribu. Andika ulivyoumia, bila kujali sarufi, na usimtumie mtu yeyote.

Wengine watakutajia Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962 na riwaya yake ya Utubora Mkulima ikatoka mwaka 1968. Sijui hiyo ni faraja ya namna gani kwa mtu aliye hai! Mimi ningekutajia Binyavanga Wainaina wa Nakuru. Katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2011 anaeleza jinsi alivyojifungia chumbani alipokuwa mwanafunzi Afrika Kusini, masomo yakampita. Mwaka 2002 alishinda Tuzo ya Caine kwa maandishi yaliyotoka kwenye intaneti, wala si katika jarida la karatasi. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha Kwani?, jarida la Nairobi lililowapa nafasi waandishi ambao hawakuwa na pa kuchapisha. Tuzo ya mwaka huo wa 2003 ilikwenda kwa Yvonne Adhiambo Owuor, kwa hadithi iliyotoka humo humo.

Nawe mama wa nyumba hiyo, najua unasoma: usimwambie "si nilikuambia", wala usimwambie ni mambo madogo. Muulize hadithi ilihusu nini.

Sasa lile la hospitali. Ikiwa huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, inakaa nawe karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, uchovu na kujiona huna thamani, hiyo huenda ni sonona, maradhi ya kushuka moyo. Inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na wakati mwingine kwa dawa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu umweleze daktari au afisa wa kliniki kama ulivyonieleza mimi. Akiona haja atakuandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu. Na kama wazo la kujiua limewahi kukupitia, hata mara moja, usingoje majuma mawili. Nenda leo hii, ukisindikizwa na mtu.

Hukutaja ni siku ngapi zimepita tangu ile ya saba irudi. Zihesabu, Mwalimu. Na madaftari hayo mpe mkeo ayafungie sandukuni hadi mwisho wa mwezi, ila lile lenye hadithi ya tisa. Hilo lina kurasa tupu bado.