Maji Yasiyo ya Kunywa: Jinsi ya Kuyapima kwa Jengo la Kijani

Ninyi mliokwisha kuondoka shuleni mmepata habari kwamba bweni jipya litajengwa, na wengi wenu mmeombwa kuchanga. Katika ramani iliyobandikwa karibu na chumba cha kulia imeandikwa kwamba jengo hilo litaombewa cheti cha EDGE. Cheti hiki ni mpango wa IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia. Hupewa jengo linalopunguza matumizi ya nguvu, ya maji, na kaboni itokanayo na kutengeneza vifaa vya ujenzi, kila moja kwa 20 kwa 100 angalau, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Lakini katika ramani hiyo hiyo bomba la vyoo latoka katika tangi la maji ya kunywa. Nilipoliona hilo ndipo nikaomba nafasi katika kurasa hizi.

Choo hakina kiu. Huko Hong Kong wamevuta vyoo kwa maji ya bahari tangu miaka ya 1950, na leo karibu watu 80 katika kila 100 hutumia maji hayo. Katika New York, jumba la ghorofa liitwalo The Solaire, lililofunguliwa mwaka 2003, husafisha maji machafu ya wakazi wake na kuyarudisha vyooni. Sisi hatuna bahari, wala mashine za kupoza hewa ambazo maji yake yatonayo hukusanywa katika majumba makubwa. Tuna mvua, tuna maji ya bafu, na tuna kijito. Kijito nakiondoa mara moja: kanuni za LEED, cheti cha Marekani, hazihesabu maji ya mto wala ya kisima kuwa badala ya maji ya bomba. Nadhani ni haki, maana kuyachota huko ni kuhamisha mzigo tu, na walio chini ya kijito ni majirani zetu.

Basi tuanze na mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya meta moja ya mraba hutoa lita moja. Paa la bweni jipya litafunika meta 30 kwa 12, yaani meta za mraba 360. (Ndugu zangu wa kidato cha kwanza, pimeni kivuli cha paa chini, msipime mteremko wake, mimi nilikosea hapo mwanzoni nikajipatia mvua ambayo Mungu hakuileta.) Tuseme mwaka huleta milimita 1,200, na sehemu moja katika tano hupotea kwa kuruka, kukauka na kuosha mabati. Tutapata lita 345,600.

Sasa mahitaji. Wanafunzi 80, kila mmoja akivuta choo mara tatu kwa siku, lita 6 kila mara, ni lita 1,440 kwa siku. Kwa siku 250 za masomo ni lita 360,000. Mtu atasema, mvua yakaribia kutosha! Hapo ndipo hesabu ya mwaka inapodanganya. Mvua haiji kwa mafungu ya lita 1,440. Tangi lililochorwa ni la lita 20,000, nalo likijaa hadi mdomo litavuta vyoo kwa siku 14 tu, kisha ni ukame. Na katika masika maji yanayozidi yatamwagika mferejini.

Kwa hiyo mwezi wa Februari mimi na wenzangu wawili tuliweka pipa chini ya mfereji wa bafu la bweni la zamani, tukapima kwa ndoo siku saba, asubuhi na jioni. Tulichekwa sana. Wanafunzi 64 walitoa kama lita 11 kila mmoja kwa siku. Jumamosi yalizidi, Jumatatu asubuhi yalipungua mno, na sababu yake kila aliyelala bwenini aijua. Kwa wanafunzi 80 ni lita 880 kwa siku, mvua iwepo isiwepo. Zinabaki lita 560 za kutolewa na mvua, na tangi lile lile la lita 20,000 sasa litadumu siku 35.

Lakini wingi si kila kitu. Maji ya bafu yana sabuni, nywele na vijidudu vya miili yetu. Yakilala zaidi ya siku moja bila kusafishwa hunuka. Yapasa yapite katika chujio, yatiwe klorini, na yatumike siku ile ile. Ya jikoni tusiyachanganye nayo, maana mafuta huziba chujio. Na lazima awepo mtu wa kuosha chujio kila juma, kwa jina na kwa mshahara. Katika ramani sioni mtu huyo.

Jambo la mwisho ni bomba. Nilipokuwa kidato cha pili, mfereji wa bustani uliunganishwa na tangi la maji machafu bila alama yoyote. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka uwanjani, akainama akanywa. Alilazwa siku tisa, na mitihani ya muhula ule hakuifanya. Marekani mabomba ya maji yaliyosafishwa ili yatumike tena hupakwa rangi ya zambarau, nayo hayaungwi na ya kunywa mahali popote. Rangi ya zambarau twaweza kuikosa dukani, ila rangi moja yo yote isiyotumika kwingine yatosha, pamoja na mfereji usiofunguka bila ufunguo.

Kuongeza bomba la pili kabla kuta hazijapigwa plasta ni kazi ya siku chache. Baadaye ni kubomoa. Kamati ya wanafunzi wa zamani itakutana kabla msingi haujachimbwa. Daftari letu la ndoo, siku zote saba, liko kwa mwalimu wa fizikia kwa kila atakaye kulikagua.